Upepo wa Viti vya Nyuma

Ukifika mtaa wa Lizaboni, Songea, ukamuuliza dereva yeyote wa bodaboda kwa Hironimus ni wapi, atakuuliza kwanza, "Hironimus yupi? Mzee Upepo?" Ukimwambia ndiye huyo, atakupeleka moja kwa moja mpaka kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara, penye cherehani mbili, marundo ya sponji, na kiti cha gari kilichovuliwa ngozi kikisubiri kuvishwa nyingine. Kazi yake ni kushona viti vya magari. Jina hakulipata kwa viti.

Alilipata kwa ugomvi wake na upepo. Hironimus alikuwa hapokei kiti cha pikapu bila kuuliza turubai la nyuma liko wapi. Akiona mama kapanda nyuma ya gari na mtoto mgongoni, aliacha cherehani ikiwa na nguo mdomoni, akatoka barabarani mikono juu, akamfokea dereva kama vile gari ni lake. Wapo waliomcheka na wapo waliomtukana. Na wapo madereva ambao, wakikaribia kibanda kile, walichepuka wakapita barabara ya nyuma ili wasikutane naye.

Baridi ya Songea ikiingia mwezi wa sita, alikuwa akiwashonea bodaboda kinga za kifua: turubai nje, blanketi kuukuu ndani, kamba moja kiunoni na nyingine shingoni. Nusu ya vijana wa Bombambili walizivaa. Kila kinga aliitilia kola ndefu ya kufunika kisogo, na kila kijana akifika kona ya kwanza aliikata kola hiyo kwa kuwa inawasha. Hironimus alijua wanazikata. Aliendelea kuzishona hivyo hivyo, mwaka hadi mwaka.

Sababu haikuwa siri, ila nyumbani kwake haikuzungumzwa. Miaka kumi na tisa nyuma, alikuwa dereva wa pikapu ya mnunuzi mmoja wa tumbaku kule Namtumbo. Mkewe Lidwina akashikwa na kichomi, na siku ya tatu pumzi ikawa haivutiki. Ilikuwa alfajiri ya mwezi wa saba. Mbele ya pikapu palikuwa na viti viwili tu na mgonjwa hakuweza kuketi, basi wakamlaza nyuma juu ya godoro, wakamfunika mablanketi mawili. Jirani aliyekubali kumshika njiani alirudi mara moja kufunga mlango wake, na Hironimus, kwa haraka aliyokuwa nayo, hakumsubiri. Akampandisha binti yao wa pekee, Careen, mtoto wa miaka tisa, akamwambia, "Mshike mama kichwa. Ukiona lolote, gonga bodi."

Careen aligonga.

Hironimus alisikia. Hiki ndicho kitu ambacho hakuwahi kumwambia padri wala ndugu. Alisikia vizuri kabisa, na akaongeza mafuta. Barabara ya Namtumbo wakati ule ilikuwa bado ya vumbi, gari lilikuwa likirukaruka, na yeye alijiambia kwamba akisimama watachelewa. Chini ya sababu hiyo ilikuwapo nyingine, kwamba aliogopa kushuka na kuona. Mtoto aligonga tena, kisha tena, mpaka akaacha mwenyewe. Walipofika hospitali Songea jua lilikuwa limepanda, na muuguzi aliyeweka mkono kwenye shingo ya Lidwina alisema neno moja tu, tena bila ubaya: "Mgonjwa wa kifua mmempitisha kwenye upepo wote huu?"

Tangu siku ile hakushika tena usukani. Alihamia Songea, akajifunza kushona maturubai, na baadaye viti. Careen alikua, akasoma, akapata kazi kwenye duka la dawa Bombambili. Baba na binti walikula sahani moja, wakasali kanisa moja, wakauguzana malaria, na hakuna aliyemuuliza mwenzake hata siku moja habari ya ile safari. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema. Hawakusema mshindo wenyewe hukawia miaka mingapi.

Tena si kwamba Hironimus aliachwa apumzike. Kulikuwa na kitu kinampulizia kisogoni. Hakikuja kila siku, bali kilikuja vya kutosha, akiwa ameinamia cherehani, au ameketi mezani mgongo kwenye ukuta, madirisha yote yamefungwa. Pumzi nyembamba, ya baridi, mahali pale nywele zinapoishia. Alihamisha kitanda. Alizibaziba nyufa za dari kwa matambara. Aliomba misa ya Lidwina kila Julai bila kukosa hata mwaka mmoja, na pumzi ikarudi jioni ya siku ile ile ya misa. Alijua ni nani. Hakuwa akigeuka kutazama, kwa kuwa mtu ukishajua nani yuko nyuma yako na anadai nini, unageuka ili uone nini?

Mwaka huu, mwezi wa tano ukielekea mwisho, gari jekundu likaja kusimama mbele ya kibanda. Lilikuwa gari dogo la michezo, fupi kwenda juu, limelala chini mithili ya mbwa anayeota jua, na halikuwa na paa. Yaani paa lilikuwapo, limekunjwa nyuma ndani ya mkoba wake, ila siku moja lilikunjwa kwa ajili ya harusi likagoma kurudi. Mafundi umeme watatu walikuwa wameshaligusa. Wa tatu ndiye aliyelimaliza kabisa.

Akashuka mwenye gari, Abdulswamadu, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, mtu mnene mwenye sauti ya kicheko. Nyuma ya usukani alibaki dereva wake, Hassani.

"Fundi, habari za kazi?"

"Nzuri, tajiri. Karibu."

"Wallahi, fundi, gari hii itaniua. Nimeichukua kwa ajili ya maharusi. Inapendeza, watu wanaipenda, lakini bibi harusi akishuka utadhani katoka kupigana. Shela shingoni, nywele zimesimama, macho mekundu. Juzi kuna mmoja kafika ukumbini na kope moja, nyingine hatujui imebaki kijiji gani." Akapangusa uso. "Nimeambiwa wewe ndiye unayeujua upepo."

"Upepo haujulikani," Hironimus akasema. "Unajulikana unapopita."

Alisema hivyo kwa ufundi tu. Alilizunguka gari lile mara mbili. Aliviangalia viti viwili vya mbele, na nyuma yake vile vingine viwili vidogo vya kubana magoti, viko wazi mbele ya Mungu na watu. Mtu mwenye akili yake angesema hapana. Akasema liacheni.

Kesho yake alichana kitambaa chembamba cha bitana kikawa tepe nyingi za urefu wa kiganja, akazibandika kila mahali: juu ya dashibodi, milangoni, mabegani pa viti, kwenye viti vya nyuma. "Upepo hauonekani," alimweleza Hassani, "lakini tepe utaiona inakolala." Wakatoka kushika barabara ya Namtumbo, ambayo sasa ni lami tupu, Hassani ameshusha vioo vyote na kiwiko kipo nje.

"Pandisha vioo."

"Mzee, gari ya wazi unafunga vioo?"

"Pandisha."

Hassani akapandisha, na papo hapo mabega yao yakapata nafuu. Hironimus akateremsha viti kadiri vilivyokubali, ili vichwa vijifiche nyuma ya kioo cha mbele. Akamfanya Hassani afungulie joto la miguuni, kwani miguu ikipata moto mwili wa juu huvumilia mengi. Kofia ya Hassani ikaruka ikabaki kwa wenye mashamba, naye akafungwa kitambaa kichwani na fundi mwenyewe, fundo nyuma. Mpaka hapo ilikuwa kazi, tena ilikuwa na raha yake.

Kisha akageuka kutazama tepe. Za dashibodi zilikuwa zimetulia. Za milangoni zilicheza kidogo. Lakini zile za mabegani pa viti hazikulala kuelekea nyuma, kama mtu yeyote angetegemea. Zilikuwa zimenyooka kuja mbele. Zilikuwa zikielekeza kisogo chake na kisogo cha Hassani, zikitetemeka.

"Simamisha gari!"

Hassani akasimama pembeni, karibu na Lumecha. "Vipi, mzee? Umeona nini?"

Hironimus akaelekeza tepe kwa kidole. "Unatoka nyuma," akasema. "Haupigi usoni. Unatoka nyuma."

Baadaye alikaa akapata maelezo yake, maana alikuwa fundi na kichwa kilikuwa kinafanya kazi hata moyo ulipokataa. Maji ya mto yakiruka jiwe, yakishuka upande wa pili hujikunja yakarudi kulilamba jiwe lile lile kwa nyuma. Upepo nao huruka kioo cha mbele, hupita juu ya vichwa, huangukia kwenye shimo la viti vya nyuma, hujikunja, hurudi mbele na kukupiga kisogoni. Maelezo hayo aliyaamini. Hayakumsaidia chochote. Miaka kumi na tisa alikuwa akipulizwa mahali pale pale, na sasa amejifunza kwamba upepo huo huzaliwa nyuma, walikokaa abiria.

Alifanya kazi ile kama mtu anayejitibu. Alikunja nondo nyembamba akapata fremu ya kusimama wima nyuma ya viti vya mbele, toka mlango hadi mlango. Kwanza aliivisha nailoni ngumu inayopitisha mwanga. Upepo ulikatika, lakini gari likawa linavuma kama pipa, na masikio yakauma. Akaivua. Akaivisha wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu, mara mbili, mmoja juu ya mwingine, kwa hesabu kwamba upepo usizuiwe kabisa bali uvunjwevunjwe upite umechoka. Akaifunga kwa bolti nne za spana namba kumi. Wakatoka tena.

Walipofika mwendo wa themanini, Hironimus alitandika ukurasa wa gazeti juu ya mapaja, na gazeti likakaa. Hassani akapiga kelele za furaha. "Mzee! Naweza hata kunywa chai humu!"

Hironimus alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza kisogo chake. Hakukuwa na kitu. Palikuwa pakavu, patulivu, pana joto la kawaida la mwili wa mtu aliye hai. Machozi yakamtoka, akasingizia vumbi, na Hassani akaona haya kumwambia kwamba vumbi la wapi na sasa ni lami. Kwa mwendo wa kilomita kama tano hivi alikuwa mtu mwenye raha, raha ambayo hata sura yake alikuwa ameshaisahau.

Ndipo akageuka. Ng'ambo ya wavu, tepe za viti vya nyuma zilikuwa zimepagawa. Zilizunguka, zikajipiga, mbili zilikuwa zimeshang'oka. Kila kilichozuiwa kuja mbele kilikuwa kikifanya kazi yake huko.

"Nyuma hakukaliki sasa," Hassani akasema akitazama kioo. "Ataumia nani? Bibi harusi. Si yeye ndiye hukaa nyuma?"

Abdulswamadu alipoijaribu kazi ile alifurahi kupita kiasi. Alipopata habari kwamba binti wa fundi anaolewa mwezi wa saba na mwalimu wa Namtumbo, kijana anaitwa Valence, na kwamba ndoa itafungwa kule kule Namtumbo, kanisa alikoagwa mama yake, alisema gari ni la bibi harusi siku hiyo, liende na lirudi, iwe ndiyo shukrani yake. Kamati ya harusi ilishangilia. Hironimus alitamani kukataa lakini hakuwa na maneno ya kukatalia. Basi akatafuta neno jingine.

"Careen atakaa mbele," aliwaambia kwenye kikao. "Pembeni ya dereva. Nyuma ya wavu hakuna wa kukaa."

Dada yake Adela, shangazi wa bibi harusi na ndiye aliyekuwa awe msimamizi wake, alishika kiuno. "Baba Careen, lini umeona bibi harusi kakaa mbele na dereva? Kama konda? Atakusanya nauli?" Watu wakacheka. "Bibi harusi anakaa nyuma na msimamizi wake. Ndivyo inavyokuwa."

"Basi inavyokuwa ibadilike."

"Wavu si unatolewa? Utoe."

"Hautolewi!" Hironimus akapaza sauti. Binti mwenyewe alikuwa ameketi karibu na mlango, daftari la kamati mapajani. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi ya mtoto kumtazama mzazi. Kisha akasema, "Tutaona siku hiyo," akageuza ukurasa.

Usiku wa siku zile Hironimus hakulala vizuri. Ilikuwa barabara ile ile. Mwezi ulikuwa ule ule, na gari halina paa, na aliyepakiwa ni Careen. Alichotaka duniani kilikuwa kitu kimoja: afikishwe Namtumbo pasipo upepo kumgusa. Akifika salama, basi labda Lidwina ataona kwamba safari hii amejua, safari hii amefunika, na huenda akamwachilia shingo. Kuna swali jingine lililokuwa likimla, nalo alilikimbia kwa kuongeza bolti mbili kwenye wavu: je, mtoto anajua kwamba nilisikia?

Siku ikafika. Jumamosi, saa mbili asubuhi, baridi ya kuvuta makamasi, mlima Matogoro bado umejifunika ukungu. Pikapu ya matarumbeta ilikuwa mbele, nyuma yake gari jekundu limefungwa maua, nyuma yake basi dogo la ndugu. Hironimus alikuwa ametandika kitambaa cheupe kwenye kiti cha mbele, akafungulia joto la miguuni robo saa kabla ili bibi harusi apande pakiwa pameshapata moto. Alikuwa amevaa suti nyeusi, na alikuwa ameshika mlango.

Careen alitoka akiwa mweupe toka kichwani hadi chini. Wanawake wakapiga vigelegele. Akaja mpaka mlangoni, akatazama kiti kile, akatazama wavu.

"Panda, mwanangu. Pana joto."

"Nitakaa nyuma, baba."

"Nyuma hakukaliki. Muulize Hassani. Upepo wote unaishia huko."

"Najua," Careen akasema. "Nimeshawahi kukaa nyuma."

Tarumbeta moja ilikuwa ikijaribiwa huko mbele, ikakoroma na kunyamaza. "Shangazi, tupishe kidogo," Careen alimwambia, na Adela akaenda kusimama na Hassani, wakajifanya wanaangalia maua.

Hironimus aliuachia mlango. Aliona kwamba asiposema sasa, atashona kiti hiki na kile mpaka azikwe, na hatasema.

"Siku ile uligonga," akasema. "Nilisikia, Careen. Sikukosa kusikia. Kila ulipogonga nilisikia."

"Najua ulisikia. Kila nilipogonga gari liliongeza mwendo."

"Nilijua mama yako anazidiwa na upepo. Nilijua unataka nisimame nimfunike. Nikaona nikisimama..." Akautazama wavu. "Nimemuua mama yako kwa upepo, mwanangu. Naomba unisamehe. Nimemuua kwa upepo na nilikuwa nasikia."

Careen alimkazia macho kama mtu aliyesomewa barua isiyo yake. "Kumbe hicho ndicho ulichokibeba?" akasema taratibu. "Mama hakuuawa na upepo, baba. Mama alikufa mapema. Hata mashamba ya Namtumbo tulikuwa hatujayamaliza. Aliniambia niweke mkono kifuani kwake, nikaweka, nikasikia panasimama. Nikasubiri paanze tena. Hapakuanza. Ndipo nikagonga."

"Kumbe ulikuwa unagonga kuniambia..."

"Kukwambia nini? Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nyuma ya gari na maiti, peke yangu, gizani, nasikia baridi mpaka meno yananiuma. Kioo cha nyuma kilikuwa pale, kisogo chako nakiona. Nilikuwa nakuita wewe. Nilitaka ugeuke tu unione." Alivuta pumzi. Hakuwa akilia. "Nilikitazama kisogo hicho mpaka Songea. Hakikugeuka."

Hironimus aliinua mkono akajishika nyuma ya shingo. Miaka kumi na tisa alikuwa amemwombea misa yule aliyelala, na yule aliyekuwa akimtazama kisogoni alikuwa akila naye ugali kila jioni. Lidwina hakuwahi kumpulizia. Lidwina alikuwa amepumzika toka alfajiri ile. Aliyeachwa kwenye upepo alikuwa mwingine, na huyo hakumfunika hata siku moja, alimfundisha tu kunyamaza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Na kusamehe?"

"Nilikuchukia mpaka darasa la saba. Baadaye nikachoka kuchukia, nikaendelea na maisha. Kusamehe..." Careen aliitengeneza shela iliyokuwa imekaa vizuri tayari. "Sijui, baba. Ndiyo kwanza leo naulizwa."

Baba akaenda kwenye buti, akatoa spana, akapiga goti na suti yake juu ya kiti cheupe, akaanza kufungua bolti. Adela alikuja mbio. "Baba Careen! Saa ndiyo hii, padri anatusubiri, unafungua nini?" Bolti zilikuwa sita na zote zilikazwa na mtu mwenye hofu, ikachukua muda. Akaung'oa wavu mzima, akaulaza juu ya majani kando ya barabara, kazi ya wiki tatu.

"Dada, wewe panda mbele," akasema. "Miguuni pana joto."

"Mimi ndiye msimamizi!"

"Panda mbele, Adela."

Adela akapanda. Careen akaingia nyuma, shela imekusanywa mikononi. Hironimus alilizunguka gari, akajibana kwenye kile kiti kingine, magoti yakamfika kifuani. Hassani akageuka kumtazama. "Mzee, niende polepole?"

"Nenda mwendo wako."

Matarumbeta yakalia, wakatoka. Mjini upepo ulikuwa wa kuvumilika. Nyumba zilipokwisha na pikapu ya mbele ikakaza mwendo, uliwaangukia kama ulivyokuwa umeahidi: ukashuka kutoka juu, ukajikunja, ukawapiga visogoni wote wawili, ukaikamata shela ukaivuruga juu ya nyuso zao. Hironimus hakufumba macho. Alikuwa amegeuza kichwa upande wa kulia, alikokaa binti, naye alibaki amegeuka hivyo mpaka shingo ikaanza kumuuma, hakuirudisha mbele. Careen alikuwa akitazama barabara. Midomo ilikuwa imeshaanza kubadilika rangi. Walipita vijiji viwili, watu wakiwapungia mikono, na baba hakudiriki kumwambia neno, kwani aliogopa kwamba chochote atakachosema kitakuwa cha kujitetea.

Walipokuwa wakipita Lumecha, Careen alimgeukia.

"Baba," akasema, kwa sauti ndogo ambayo upepo ulikuwa karibu kuichukua. "Nasikia baridi."

Hironimus alivua koti. Kwenye nafasi ile finyu ilimbidi ainuke nusu, upepo ukalijaza koti ukataka kumnyang'anya, akalishika kwa mikono yote miwili akamvika, juu ya shela, juu ya gauni, akamfunga vifungo vyote vitatu. Alipofunga cha juu, Careen akavishika vidole vyake, akaviweka ndani ya mfuko wa koti pamoja na vyake. Mbele ya kanisa la Namtumbo mpiga picha alimsihi bibi harusi avue koti hilo kwanza. Careen akamwambia apige hivyo hivyo.